Je, "Niko Sawa" Ni Imani au Ni Uongo?

Maandiko ya kusoma nyumbani: 2 Wafalme 4:18–37, 1 Wafalme 19:1–8, 2 Timotheo 4:20



Kila mwaka Septemba ikikaribia kuna tangazo ambalo hutufurahisha sana. Mzazi anasimama kanisani, anasema mtoto wake ameitwa KMTC. Akina mama wanapiga vigelegele, na kabla ya ibada kwisha kikapu kimepita. Mwenye mbuzi anauza mbuzi. Mwenye ndengu za msimu uliopita anafungua gunia. Walio Nairobi na Mombasa wanatuma M-Pesa. Mtoto anaondoka Kanyangi na sanduku, godoro, ndoo na maombi yetu sote.

Halafu Novemba inafika. Mvua imenyesha, watu wako shambani, na jioni moja tunakumbuka kumpigia simu. "Masomo yanaendaje?" Anajibu, "Niko sawa." Tunasema, "Amina," na simu inakatika.

Leo nataka tukae kidogo na hayo maneno mawili. Mtu akiwa mgonjwa, na anajua ni mgonjwa, halafu anasema "niko sawa", je, huyo anaamini au anadanganya?

Si swali jepesi, hasa kwetu. Sisi tumefundishwa kukiri ushindi. Tunaamini ulimi una nguvu, na mtu anayekaa akitaja shida zake asubuhi hadi jioni anazilisha zinenepe. Mimi pia naamini hivyo. Lakini pia tunaamini kwamba uongo ni dhambi. Sasa hapo katikati ndipo vijana wetu wengi wanasimama, na wengine wanaumia.

Kwanza tujue ule mlima wenyewe ukoje. Mtoto anayesomea kuwa afisa wa kliniki ndiye yule ambaye wengi wetu tutamwita "daktari" tukifika kituo cha afya. KMTC ilianza mwaka 1927, na siku hizi ina kampasi karibu nasi, Kitui, Mwingi na Makueni. Diploma hiyo ni ya miaka 3, halafu kuna mwaka 1 wa mazoezi hospitalini chini ya usimamizi, ndipo mtu asajiliwe na kupewa leseni kwa sheria ya mwaka 2017. Marekani wana kada inayofanana na hiyo. Ilianzishwa na Dkt. Eugene Stead katika Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi 4 tu, waliokuwa wamehudumia wagonjwa jeshini. Mwaka 1967 walihitimu 3. Kwa hiyo hii njia imekuwa ngumu tangu mwanzo, hata kwa watu waliokuwa tayari wamezoea damu na bandeji.

Semesta ya kwanza ndiyo inayochuja. Mtoto aliyetoka sekondari akiwa wa kwanza darasani anajikuta kati ya wenzake ambao wote walikuwa wa kwanza huko kwao. Anapewa mwili wa mwanadamu aujue wote: mifupa 206, kila mmoja na jina lake, na kila jina na vibonde na matuta yake. Jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo, jozi 31 zinazotoka kwenye uti wa mgongo. Anatomia asubuhi, fiziolojia baadaye, baiokemia jioni, na kabla hajashika pumzi mitihani ya CAT imefika. Wanafunzi wanasoma hadi saa nane, saa tisa usiku. Ukilala mapema unaonekana mvivu.

Huo ni mlima kwa mtu mzima wa afya. Sasa weka ugonjwa juu yake.

Kuna binti mmoja wa huku kwetu ambaye ameniruhusu nisimulie habari yake, bila jina. Ana kifafa. Kilimwanza akiwa kidato cha kwanza. Amekuwa akimeza dawa asubuhi na jioni, na alipokuwa anaingia chuo alikuwa amemaliza karibu miaka miwili bila kuanguka. Kwa hesabu ya kawaida, huo ni ushindi mkubwa.

Alipofika hosteli, alitia dawa zake ndani ya mkebe wa njugu. Wenzake wa chumba wakiwa wameketi, hangeweza kuufungua. Kwa hiyo vidonge vya jioni vikaanza kurukwa, mara moja kwa wiki, halafu mara tatu. Usiku alikuwa anasoma na wengine hadi saa tisa. Ijumaa kulikuwa na kesha la ushirika wa wanafunzi, na yeye ni mwombaji, hangeweza kukosa. Mamake akipiga simu: "Mwana wakwa, uko aje?" "Niko sawa, mwaitu."

Mwezi wa Novemba alianguka kwenye foleni ya chai, mbele ya watu. Mmoja alijaribu kumtia kijiko mdomoni. Wengine walikimbia. Mmoja alianza kukemea. Alipoamka ulimi ulikuwa umekatika kidogo, bega linauma, na kitu cha kwanza alichowaza, aliniambia, hakikuwa mtihani. Alijiuliza, "Nitawaambia nini watu wa kanisa?"

Wapendwa, hilo jibu lilinikalia moyoni. Binti amelala sakafuni, na hofu yake kubwa ni sisi.

Kwa nini alisema "niko sawa"? Tusikimbilie kumwita mwongo. Alikuwa na sababu, na sababu zake zinaeleweka. Aliona pesa za watu. Aliona mbuzi wa jirani. Alijua kuna watu hapa kijijini wanaosema kifafa ni pepo, na wengine wanaosema mwenye kifafa hawezi kusoma, sembuse kutibu. Na alijua andiko la yule mama Mshunami.

Mnalikumbuka. Mtoto wa yule mama amekufa mapajani pake. Anamlaza juu ya kitanda cha nabii, anafunga mlango, anatandikisha punda, anaenda kumtafuta Elisha. Njiani anakutana na Gehazi, mtumishi wa nabii, ambaye ametumwa kumuuliza habari ya nyumbani, yeye na mume na mtoto. Naye anajibu kwa amani, kana kwamba hakuna shida yoyote. Tumehubiri juu ya jibu hilo mara nyingi sana. Tunasema: huyo ndiye mwanamke wa imani, mtoto amekufa na bado anasema ni salama.

Ni kweli. Lakini endeleeni kusoma mistari miwili inayofuata. Akimfikia Elisha mwenyewe, hasemi tena kwamba ni salama. Anaanguka, anashika miguu yake, na anatoa uchungu wote ulio ndani. Gehazi anataka kumsukuma kando. Elisha anamkataza, kwa sababu ameona nafsi ya huyo mama ina uchungu. Halafu nabii anasema jambo ambalo lingetushangaza sote: kwamba Bwana alimficha habari hiyo, hakumwambia.

Naona mambo matatu hapo.

La kwanza: yule mama hakumwambia kila mtu njiani. Alikuwa na haki ya kunyamaza mbele ya Gehazi. Ugonjwa wako si tangazo la soko. Darasa zima halihitaji kujua. Jirani anayeuliza kwa udaku umjibu "niko sawa" na umalize.

La pili: alikuwa na mtu mmoja ambaye hakumficha. Imani yake ilikuwa safari ya kwenda mahali ambapo ukweli wote ungesemwa. "Ni salama" yake ya njiani ilimsaidia afike kwa Elisha haraka. Binti yetu alikuwa na maneno kama ya yule mama, lakini hakuwa na Elisha. Alimwambia kila mtu "niko sawa", akiwemo mama, akiwemo yeye mwenyewe usiku akiutazama ule mkebe wa njugu.

Kwa hiyo swali letu linapata jibu. "Niko sawa" ni imani kama nyuma yake kuna mtu anayejua ukweli na jambo linalofanywa kuhusu huo ukweli. Ni uongo kama kazi yake ni kuhakikisha hakuna mtu atakayejua na hakuna kitakachofanywa.

La tatu ni letu sisi watumishi. Elisha, nabii mwenye roho maradufu, hakujua mpaka alipoambiwa. Tumewazoesha watu wetu kufikiri kwamba mchungaji ataona rohoni, kwamba kama kuna shida Mungu atafunua. Wakati mwingine hufunua. Lakini siku ile, kwa Elisha, hakufunua. Mchungaji hawezi kuona ndani ya mkebe wa njugu huko hosteli. Anapaswa kuambiwa, na ili aambiwe, anapaswa kuwa mtu anayeambika.

Mimi nilisomea biashara, sikusomea udaktari, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa lugha yangu. Mwenye duka hapa sokoni akiwa na kitabu kinachoandika mauzo peke yake, bila kuandika madeni wala bidhaa zilizoharibika, kila jioni kitabu kitamwambia ana faida. Atafurahi. Atanunua na pikipiki. Siku moja atakwenda kuchukua unga wa kuuza na apate hana pesa, na hataelewa zilienda wapi. Kitabu chake hakikuwa na matumaini mengi kuliko vingine. Kilikuwa kitabu cha uongo tu. Hasara iliyoandikwa inaweza kushughulikiwa. Ile isiyoandikwa inakula duka kimyakimya.

Au mwenye mashine ya kusaga. Wateja wamepanga foleni na mahindi, yeye anaona akisimamisha mashine atie oili atapoteza pesa. Anasaga asubuhi hadi usiku. Kwa siku kumi anawashinda wenzake wote. Siku ya kumi na moja mashine imekufa, na foleni inahamia kwa yule aliyekuwa akisimama nusu saa kila jioni. Semesta ina wiki nyingi kuliko kumi na moja, na mwili ni mashine ambayo haiuzwi spea.

Sasa nizungumze wazi juu ya kifafa, kwa sababu najua kuna swali mioyoni mwa wengi. "Pastor, si hiyo ni pepo?" Tunamkumbuka yule kijana aliyeletwa kwa Yesu, anaanguka motoni na majini. Ni kweli, Yesu alimkemea pepo akamtoka. Lakini someni pia Mathayo 4:24. Mathayo anaorodhesha watu walioletwa kwa Yesu, na anawataja wenye pepo kivyao, wenye kifafa kivyao, na waliopooza kivyao. Mwandishi wa Injili alijua kwamba hayo yanaweza kuwa mambo tofauti. Sisi tusijue kwa nini?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Kinaweza kuletwa na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda ubongoni, au tegu wa nguruwe. Kwa wengine chanzo hakijulikani. Hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kugusana. Shirika la Afya Duniani linasema watu karibu milioni 50 duniani wanaishi nacho, na kwamba wakipimwa vizuri na kupata dawa, hadi 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka. Dawa moja inayotumika hadi leo, fenobabito, imekuwepo tangu mwaka 1912.

Na mambo mawili yanayomwangusha mtu hata akiwa amekaa vizuri muda mrefu yanajulikana: kuruka dawa na kukosa usingizi. Hayo ndiyo semesta ya kwanza inayoleta, yote mawili pamoja.

Hapa naomba tuvumiliane, kwa sababu nataka kugusa kesha.

Mimi napenda kesha. Kuna mambo tumeyapata usiku ambayo hatungeyapata mchana. Lakini usingizi kwa mwenye kifafa ni sehemu ya dawa yake, na dada mwenye kisukari anayechoma insulini hawezi kuingia katika mfungo wa siku tatu bila kuongea na daktari wake kwanza. Tukipima kiroho cha mtu kwa saa alizokesha na siku alizofunga, tutakuwa tumewaambia wagonjwa wetu wachague kati ya kuonekana wameokoka na kuwa wazima. Binti huyu alichagua kuonekana ameokoka. Mtu akiondoka kwenye kesha saa nne usiku akalale, tusimtazame kwa jicho lile.

Mnakumbuka Mungu alivyomtendea Eliya chini ya mretemu? Eliya amechoka hadi anaomba kufa. Mungu hamwambii aamke akeshe. Anamwacha alale. Malaika anamgusa, kuna mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, na analala tena. Mara ya pili anaguswa, anakula tena, kwa sababu safari ni kubwa mno kwake. Usingizi mara mbili, chakula mara mbili, na mambo yote ya Horebu, upepo na moto na ile sauti tulivu, yakaja baadaye. Mungu anayejua safari ni kubwa ndiye anayemlaza mtu wake kwanza.

Kuna wale watakaosema: "Akimeza dawa, si anaonyesha haamini uponyaji?" Tunaombea uponyaji na tutaendelea kuombea. Kama Mungu ameponya, daktari ataona, na daktari ndiye atapunguza dawa polepole. Kuacha dawa za kifafa kwa ghafla ni hatari, mtu anaweza kuanguka mfululizo na hata kufa. Mtu yeyote asiambiwe mbele ya madhabahu atupe dawa zake. Paulo mwenyewe alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Na Luka, aliyetembea na Paulo, alikuwa tabibu.

Lakini andiko ambalo ningependa kila mwanafunzi mgonjwa alibebe ni fupi sana, 2 Timotheo 4:20. Paulo anaandika kwamba alimwacha Trofimo huko Mileto, akiwa mgonjwa. Hayo tu. Sasa tazameni huyu Trofimo ni nani. Matendo 21:29 inatuambia ni mtu wa Efeso. Na Efeso ndipo mahali ambapo, kulingana na Matendo 19, hata vitambaa vilivyogusa mwili wa Paulo vilikuwa vikipelekwa kwa wagonjwa nao wanapona. Kwa hiyo huyu ni mtu aliyetoka katika mji wa miujiza, rafiki wa mtume wa miujiza, na ameachwa njiani kwa sababu anaumwa.

Paulo hakuficha. Hakuandika kwamba Trofimo alibaki kwa shughuli za huduma. Hakuandika kwamba alikosa imani. Aliandika kwamba ni mgonjwa. Ukweli huo haukumwondoa Trofimo katika timu.

Ndiyo maana nasema: kuna wakati mwanafunzi ataendelea na masomo huku anaumwa, na kuna wakati atabaki Mileto. Kuahirisha semesta kwa barua ya hospitali si kufeli. Kurudia mtihani mmoja si laana. Kuvumilia maana yake ni kufika. Mtu aliyesimama Emali alale kisha aendelee kesho anafika Mombasa. Aliyeendesha gari akisinzia labda hafiki, na labda anaenda na wengine.

Kwa huyu anayesomea kutibu, kuna jambo la ziada. Siku moja mkononi mwake kutakuwa na sindano na mbele yake mtoto wa mtu. Wagonjwa wake wana haki ya kuhudumiwa na mtu anayeijua hali yake na kuisimamia. Mtu mwenye kifafa kilichotulia kwa dawa anaweza kusoma na kufanya kazi hiyo vizuri. Anayekificha anawaweka wengine hatarini bila wao kujua. Tena wanafunzi hawa wanafundishwa kwamba kazi ya kutibu huanza kwa kumuuliza mgonjwa historia yake na kumsikiliza. Mgonjwa akisema "niko sawa" wakati hayuko sawa, hakuna daktari atakayemsaidia. Yeye atawaomba watu ukweli kila siku ya maisha yake. Ni vizuri ajifunze mapema ukweli huo unagharimu nini kuutoa.

Binti wetu aliutoa. Siku mbili baada ya kuanguka alimwambia muuguzi wa chuo. Muuguzi alimsaidia kurudi kliniki, wakampima na kupanga dawa upya. Alimwambia mwenzake mmoja wa chumba, akamfundisha la kufanya akianguka. Alimwambia mwalimu mmoja. Halafu alimpigia mamake simu, na mama akalia, na mama akasema, "Kwani ulifikiri mimi nilizaa cheti?"

Kutoka hapo alikuwa analala saa nne usiku, na kuamka saa kumi na moja kusoma. Simu inalia saa moja asubuhi na saa moja jioni, anameza kidonge mbele ya wote. Mkebe wa njugu sasa una njugu. Semesta ilipokwisha alikuwa amepita masomo yote ila moja, akaurudia mtihani huo akapita. Hakuwa wa kwanza darasani. Bado anameza dawa, na bado tunamwombea. Yuko semesta ya pili.

Sasa niwageukie sisi tuliobaki nyumbani, kwa sababu nusu ya mzigo wake tulimfungia sisi.

Katika biashara kuna tofauti kubwa kati ya zawadi na hisa. Ukinunua hisa, una haki ya kuuliza faida, una haki ya kukasirika kampuni ikipata hasara. Ukitoa zawadi, umetoa. Kikapu cha Septemba ni zawadi. Lakini sisi tunakitoa kama zawadi na kukidai kama hisa. "Daktari wetu." "Usituangushe." "Kumbuka tulivyojinyima." Tunasema kwa upendo, najua. Masikioni mwa mtoto mgonjwa maneno hayo yanasema: huna ruhusa ya kuumwa.

Sisi Wakamba tuna mwethya. Wazee wetu walichimba matuta pamoja, shamba la huyu leo, la yule kesho. Siku mmoja wetu akiumwa hatuweki jembe chini na kusema ametuangusha. Tunauliza anaendeleaje, na tunachimba. Kusomesha mtoto kwa pamoja ni mwethya. Sheria ziwe zile zile.

Kwa hiyo, wapendwa, tufanye haya.

Tukimpigia mwanafunzi simu, tusiulize masomo kwanza. Tuulize analala saa ngapi, anakula nini, dawa zimebaki ngapi. Akisema hayuko sawa, tusianze kukemea wala kushauri. Tusikilize hadi amalize.

Kila mtoto anayeondoka hapa na ugonjwa wa kudumu, uwe kifafa, pumu, kisukari au vidonda vya tumbo, aondoke akiwa amechagua watu wanne: mmoja kliniki, mmoja chuoni, mmoja chumbani, mmoja nyumbani. Hao ndio Elisha wake. Wengine wote wanaweza kujibiwa "niko sawa".

Mzazi ajue pia kwamba Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya hali yake ya afya. Kumwambia mwalimu ukweli si kumpa fimbo ya kumfukuzia mtoto.

Na sote tujue la kufanya mtu akianguka kifafa, hata hapa kanisani. Mwondolee vitu vya kumwumiza. Weka kitu laini chini ya kichwa. Usimshike kwa nguvu, na usimtie chochote mdomoni, si kijiko, si kidole, si maji. Tazama saa. Mtetemeko ukipungua, mlaze ubavu. Ukipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali mara moja. Kaa naye mpaka ajue yuko wapi, na umfunike nguo zake vizuri. Kuomba unaweza kuomba, polepole, mkono wako ukiwa begani pake.

Maswali ya ushirika wa nyumbani wiki hii:

1. Ni nani katika maisha yako ambaye hujawahi kumjibu "niko sawa" wakati hauko sawa? Kama hakuna, kwa nini?

2. Watu wanapokuletea shida yao, wewe hufanya kama Elisha au kama Gehazi? Taja jambo moja ambalo linaweza kumzuia kijana asikuambie ukweli.

3. Je, kuna mtoto wa kanisa letu aliye chuoni sasa hivi ambaye hatujampigia simu tangu Septemba? Nani atampigia leo jioni?

Mungu awabariki.